Chapati Imekuwa Mwenyeji, Muhogo Umekuwa Mgeni

  Wiki hii sitazungumzia siasa wala mpira. Nataka tuzungumze juu ya chakula, hasa kile tunachokula nje ya nyumba zetu, katika zile nyumba ambazo sisi Watanzania huziita hoteli ijapokuwa hazina hata kitanda kimoja.

Nilikuwa safarini mkoani Kigoma, katika nyanda za juu za nchi ya Waha. Nilishuka basi mjini Kasulu yapata saa saba mchana, njaa imenishika sawasawa. Karibu na stendi palikuwa na hoteli ya meza nne, zimetandikwa kitambaa cha plastiki chenye maua. Mlangoni palikuwa na ndoo ya maji ya kunawa, na ukutani ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki: wali nyama, wali maharage, pilau, chapati maharage, chipsi mayai, chipsi kuku, supu. Kwa ufupi, ni ubao ule ule ambao ningeukuta Buguruni, Mwanza au Mbeya.

Binti mhudumu akaja. "Shikamoo mzee, karibu. Utakula nini?" Nikaitikia, kisha nikamwuliza kama kuna ugali. Akasema upo, wa sembe. Nikamwuliza wa muhogo je? Hapo binti akacheka, akafunika mdomo kwa kiganja. "Wa muhogo upo, mzee, lakini si wa wateja. Huo tunakula wenyewe huko nyuma."

Nikamwambia basi mimi leo nataka kula mnachokula ninyi. Akaenda kuuliza. Mara akatoka mama mwenyewe, anajifuta mikono kwa kanga. "Baba, huo ni wa nyumbani tu," akasema. "Utatucheka bure. Ngoja nikupakulie wali." Nikasisitiza. Mwishowe nikaletewa ugali wa muhogo wa moto, laini, unaovutika, na pembeni migebuka iliyoungwa kwa mawese mekundu, na bakuli la maharage. Msikilizaji, sikusema neno mpaka sahani ikawa tupu.

Jambo lililonifanya nizungumze nawe leo lilitokea wakati wa kulipa. Nilipouliza ni shilingi ngapi, binti alimtazama mama, na mama alimtazama binti. Kisha mama akasema, "Toa chochote tu, baba. Huo hauna bei."

Hauna bei! Nilitoka nikiwa na maneno hayo kichwani. Chapati ilikuwa na bei. Chipsi zilikuwa na bei. Chakula ambacho wilaya nzima inakilima, inakivua, inakitwanga na kukila kila siku kilikuwa hakina bei, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba mtu mwenye fedha anaweza kukitaka. Hebu basi tujiulize: ilikuwaje chapati iliyotoka ng'ambo ya bahari ikawa mwenyeji wa Kasulu, na muhogo ukageuzwa mgeni anayelishwa uani?

Tuanze na majina yenyewe, maana majina hayasahau. Neno mgahawa limetokana na kahawa, na kahawa ni neno la Kiarabu. Mgahawa hapo mwanzo ni mahali pa kunywea kahawa. Hoteli ni neno la Wazungu, nasi tumelipa kazi mpya: ukitaka kulala tunakupeleka gesti, ukitaka kula tunakupeleka hoteli. Chapati na bagia ni majina ya Kihindi. Pilau na sambusa ukiyafuata sana utafika Uajemi. Hata kachumbari tunayoinyunyizia chumvi na ndimu imekuja na jina lake kutoka Bara Hindi. Kwa hiyo mtu anayeagiza pilau, kachumbari na sambusa pale stendi ya Kasulu anakula Asia nzima bila kupanda ndege.

Vyakula hivi vilifika pwani yetu kwa majahazi, kabla ya ukoloni. Vikapanda bara pamoja na misafara ya biashara hadi Ujiji, mji ule wa kando ya Ziwa Tanganyika ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Ujiji ulikuwa na Waarabu na Waswahili waliojua kupika kama pwani. Kisha Wajerumani wakajenga reli kutoka Dar es Salaam, nayo ikafika Kigoma mwaka 1914. Reli ilileta wenye maduka, wengi wao Wahindi, na kila palipokuwa na duka la Mhindi palifika pia unga wa ngano, sukari, majani ya chai na bizari.

Wengi wa wenye maduka hao hawapo tena. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, na hasa baada ya majumba mengi ya kupangisha kutaifishwa mwaka 1971, familia nyingi za Kihindi ziliihama miji yetu midogo. Wengine walikwenda Dar es Salaam, wengine Uingereza na Kanada. Waliondoka na vitabu vyao vya hesabu, lakini chapati ilibaki. Yule mama wa Kasulu nilimwuliza nani alimfundisha kusukuma chapati. Akasema shangazi yake, aliyekuwa ameolewa Ujiji. Shangazi naye alifundishwa na nani? Mama hakujua, wala hakuona sababu ya kujua. Kwake yeye, chapati ni kitu cha shangazi.

Na kwa kweli ni cha shangazi. Mtu wa kule India akiletewa chapati yetu atalitambua jina, lakini sahani itamshangaza. Chapati ya kila siku ya kwao ni nyembamba, huokwa juu ya chuma kikavu bila mafuta. Ya kwetu hupakwa mafuta, hukunjwa kama konokono, husukumwa tena, kisha hukaangwa mpaka ikawa na tabaka. Hiyo kwao ina jina jingine. Tena ni sisi tuliokaa tukaamua kwamba chapati iende na maharage, na asubuhi iende na supu ya mbuzi. Jirani zetu wa Uganda wamekwenda mbali zaidi: wao huviringisha mayai ya kukaanga ndani ya chapati, wakakiita chakula hicho rolex, kama ile saa ya matajiri, na wanakiuza barabarani kwa majivuno makubwa. Basi mtu asije akaniambia kwamba nina ugomvi na chapati. Chapati imekaa nasi, imejifunza tabia zetu, imekuwa ndugu.

Nitakwambia jambo jingine ambalo wengi hawalitaji. Hata muhogo ulikuwa mgeni. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioufikisha Afrika katika karne ya 16. Mahindi na maharage haya tunayoyala nayo asili yake ni huko huko Amerika. Zamani wazee wa nchi ya Waha walitegemea zaidi mtama na ulezi. Kwa hiyo, tukianza kuulizana nani kaja lini, hakuna kitu kitakachobaki mezani. Uenyeji wa chakula haupimwi kwa mahali kilikotoka mababu zake. Unapimwa kwa swali jepesi: nani anakilima, nani anakitengeneza, na fedha yake inakwenda wapi?

Tutalirudia swali hilo. Kwanza tueleze heshima ya chapati ilitoka wapi, maana heshima nayo ina historia.

Wenye umri wa kutosha wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya themanini. Vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimemaliza akiba ya nchi, fedha za kigeni hazikuwapo, maduka yalikuwa na rafu tupu. Sukari, sabuni, mafuta ya kula na unga wa ngano vilipatikana kwa foleni, kwa kibali au kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1983 serikali ikawakamata wengi kwa kosa la kuhujumu uchumi. Katika hali hiyo, nyumba iliyoweza kupika chapati ilikuwa nyumba yenye mtu. Watoto walizihesabu chapati za Idi na Krismasi. Kitu kikiadimika hupanda cheo. Muhogo, kwa kuwa haukupata kuadimika, haukupata cheo. Ulitulisha wakati wa njaa, nasi tukaulipa kwa kuuita chakula cha njaa.

Katika miaka hiyo hiyo mijini walizaliwa mama ntilie, wanawake waliopika kando ya barabara ili kaya isife, wakati mshahara wa mwezi ulipokuwa hautoshi hata wiki. Jina lenyewe ni sauti ya mteja mwenye sahani mkononi: mama, nitilie. Baadaye tuliwapa jina la heshima zaidi, mama lishe. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ile ya themanini, na ngano ikaanza kuonekana tena madukani, mama lishe walijua mara moja nini cha kuweka mbele. Waliweka mbele kile ambacho watu walikikosa.

Huko Kasulu na Kibondo likaongezeka jambo la pili. Mwezi Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na watu wengi sana wakavuka mpaka kuingia kwetu. Mwaka 1996 vita vya Zaire vikaleta Wakongo, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa wilayani Kasulu. Wilaya hizi mbili zikajaa kambi: Muyovosi, Mtabila na Nyarugusu upande wa Kasulu, Kanembwa, Mtendeli na Nduta upande wa Kibondo. Pamoja na wakimbizi yakaja mashirika, na pamoja na mashirika magari meupe yenye antena ndefu, madereva, wauguzi, wahasibu na wageni wa kila taifa, kila mmoja na posho yake mfukoni.

Wageni hao walihitaji kula. Hoteli zikaota kama uyoga. Ubao ukaandikwa kwa ajili ya mwenye posho: kuku, chipsi, pilau, soda baridi. Silaumu. Wahenga wamesema mgeni njoo, mwenyeji apone, na wenyeji wengi walipona kweli kweli. Watoto walisomeshwa kwa chipsi zile. Lakini mwenye hoteli alijifunza pia somo moja baya: kwamba mtu anayelipa ni mtu wa mbali, na mtu wa mbali hali chakula cha hapa. Kambi zikaja zikafungwa moja baada ya nyingine. Mtabila ilifungwa mwaka 2012. Magari meupe yalipungua, hoteli nyingi zikafunga milango. Ubao ule haukufutwa.

Lakini hata ndani ya mkasa huo wa wakimbizi kulikuwa na somo jingine zuri, nalo tulilipuuza. Mwaka 2015 machafuko ya Burundi yalileta watu upya, Nduta ikafunguliwa tena, na Mtendeli ikafuata. Karibu na kambi kulikuwa na masoko ya pamoja ambako mwenyeji na mkimbizi waliuziana. Nilipita katika soko moja la namna hiyo nikaingia kibandani kwa Mrundi mmoja aliyekuwa akiuza chakula. Naye alikuwa na ubao, kipande cha boksi kilichoandikwa kwa mkaa. Mstari wa kwanza, juu kabisa, uliandikwa: ugali wa muhogo, sombe, ndagala.

Sombe ndicho kisamvu chetu. Ndagala ndio dagaa. Mgebuka wetu wao humwita mukeke, samaki yule yule wa ziwa lile lile, isipokuwa amepita ufuko mwingine. Kiha na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo katika kibanda kile mkulima wa kijiji cha jirani na mkimbizi aliyefika juzi walikula benchi moja na kutaniana kwa lugha zao bila mkalimani. Nilimwuliza mwenye kibanda kwa nini ameweka muhogo juu. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanatelemka mlima. "Mzee, hiki ndicho watu wanachokula. Nikifiche kwa nini?"

Mwaka 2018 na 2019 baadhi ya masoko hayo ya pamoja yalifungwa kwa amri, na vibanda vya chakula vikafa pamoja nayo. Wenye mamlaka walitoa sababu zao za usalama na utaratibu, na mimi siwezi kuzipima nikiwa hapa studioni. Ninachoweza kusema ni kile nilichokiona: mkimbizi alipoteza riziki, na mama wa kijijini aliyekuwa akimuuzia mwenye kibanda muhogo na kisamvu naye alipoteza mteja. Mteja ambaye hakuona haya kula muhogo.

Sasa turudi kwenye lile swali la fedha, maana hapo ndipo penye uzito wa maneno yangu.

Chukua chapati mbili za pale Kasulu. Unga wake ni wa ngano. Nyanda zile hazilimi ngano ya maana, na nchi yetu yenyewe huagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka ng'ambo. Unga husagwa kwenye viwanda vya mbali, hupakiwa, husafiri zaidi ya kilomita elfu moja mpaka Kasulu. Mafuta ya kukaangia je? Kwa miaka mingi tumekuwa tukiagiza mafuta mengi ya kula, na mengi ya hayo ni mawese yaliyosafishwa kutoka Malaysia na Indonesia. Kwa hiyo, katika kila shilingi unayolipa kwa chapati, mama hubaki na jasho lake na faida kidogo, na sehemu kubwa hupanda basi kurudi ilikotoka.

Tuliliona hilo waziwazi mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya ngano na mafuta duniani. Mama lishe wa Kibondo hana ugomvi wowote na mtu wa Ukraine wala wa Urusi, lakini maandazi yake yalipungua ukubwa. Muhogo shambani haukusikia habari za vita hivyo.

Habari ya mawese inasikitisha zaidi. Kigoma ndio mkoa wa michikichi katika nchi hii. Ipo kando ya ziwa na katika mabonde ya chini, na mawese yake mekundu hupandishwa hadi masoko ya Kasulu na Kibondo. Wapo wasemao kwamba Malaysia walichukua mbegu Kigoma. Ni hadithi tamu, lakini historia inasema vingine: michikichi ya kwanza ya Asia ya Kusini Mashariki ilikuwa miche minne iliyopandwa katika bustani ya Bogor, huko Indonesia, mwaka 1848. Miche minne! Mti wenyewe ni wa Afrika. Wao waliutunza, wakauzalisha, leo wanatukaangia chipsi. Mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alianzisha kampeni ya kulifufua zao hilo mkoani Kigoma, na kituo cha utafiti cha Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha mbegu bora. Ni hatua njema. Lakini mbegu bora haitoshi ikiwa mwenye hoteli ana chupa mbili, anaweka ya mafuta meupe mbele na kuficha ya mawese nyuma.

Sasa utazame muhogo. Hapa nataka nizungumze na wale wanaodhani ugali wa muhogo ni chakula cha mvivu. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Hauliwi hivi hivi. Humenywa, hulowekwa majini kwa siku kadhaa mpaka ulainike, huanikwa juani mpaka ukauke kabisa, ndipo hutwangwa au husagwa. Ukiharakisha, sumu hubaki na huweza kumdhuru mlaji. Kazi hiyo ni ujuzi, tena ujuzi wa wanawake, ambao haukuandikwa katika kitabu chochote cha shule ya hoteli. Mama anayekuwekea mezani ugali wa muhogo mweupe, usio na uchungu wala harufu mbaya, amefanya kazi ya siku nyingi. Mwenye chipsi amefanya kazi ya robo saa. Na bado tumempa bei wa robo saa tukamnyima wa siku nyingi.

Kuna watakaosema kwamba muhogo ni wanga mtupu. Ni kweli, nami sitaficha. Ugali wa muhogo peke yake haujengi mwili wa mtoto. Lakini nani pale Kasulu anaula peke yake? Sahani niliyopewa uani ilikuwa na maharage na samaki, vyote viwili vyenye kujenga mwili, na mawese mekundu ambayo wekundu wake ndio huo unaompa mtu vitamini A. Mawese yanayosafishwa yakawa meupe hupoteza wekundu huo. Sasa pima sahani hiyo na sahani ya chipsi mayai, kisha uniambie ipi ni ya umaskini.

Kahawa nayo ina kisa hicho hicho. Upande wa Manyovu, wilaya ya Buhigwe iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, wakulima wanalima arabika. Ingia sasa katika migahawa ya eneo zima uombe kahawa. Utaletewa chai. Ukishikilia, utaletewa maji ya moto na kahawa ya kopo iliyotengenezwa mkoa mwingine. Mahali panapoitwa kwa jina la kahawa, katika nchi inayolima kahawa, hapana kahawa!

Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Magari meupe yalikuwa msala upitao. Posho ilikuwa msala upitao. Mbacha wetu, ule tuliokalia siku zote, ni muhogo, maharage, mawese na samaki wa ziwa.

Siku ya pili nilifika Kibondo. Nikaingia hoteli moja karibu na soko, nikausoma ubao kwa mashaka. Ulikuwa ule ule: wali, pilau, chapati, chipsi. Lakini chini kabisa, kwa herufi ndogo kana kwamba chaki ilikuwa inakwisha, paliandikwa: ugali muhogo. Na mbele yake palikuwa na bei.

Nikaagiza. Mhudumu, kijana mdogo, akasema, "Samahani mzee, umekwisha." Saa ilikuwa bado kidogo kufika saba. Nikauliza nani kaumaliza. Akaonyesha kwa kidevu meza ya pembeni, ambako madereva wa malori watatu walikuwa wakinawa mikono. Mmoja wao alikuwa amevaa fulana ya timu ya Dar es Salaam. Mwenye hoteli, mama wa makamo, alinieleza kwamba alianza kuuandika miezi michache tu iliyopita, kwa kujaribu. Sasa hupika sufuria mbili, na zote humalizika kabla ya pilau. Nikamwuliza kwa nini basi anauandika chini kwa herufi ndogo. Akacheka. "Bado namwonea haya, baba. Kidogo kidogo nitampandisha."

Msikilizaji, angalia alivyosema: nitampandisha. Alizungumza kama mtu anayemzungumzia mwanawe. Na bei ile aliyoiandika haikuwa chaki tu. Nyuma yake kuna mkulima aliyeuza gunia, mwanamke aliyeloweka na kuanika, mvuvi wa ziwani, mkamuaji wa mawese. Fedha iliyolipwa na wale madereva ilishuka pale Kibondo ikabaki kuzunguka pale pale.

Sisemi chapati ifukuzwe. Ingekuwa dhambi, na mimi ningekuwa wa kwanza kuandamana. Sisemi pilau ishushwe. Nasema sahani ya pili ipewe kiti sebuleni. Halmashauri zinapoandaa vikao na semina, zinaweza kumwagiza mama lishe ugali wa muhogo na migebuka badala ya kuku na chipsi kila mara. Wenye hoteli wanaweza kuandika mstari mmoja zaidi ubaoni, pamoja na bei. Na sisi wa mijini, tunaonunua maharage ya njano na dagaa wa Kigoma pale Kariakoo na kuwasifu mbele ya wageni, tunaweza kuacha kumcheka mtu anapotaja muhogo. Aibu ya yule binti wa Kasulu haikuota Kasulu. Tuliipeleka sisi, kwa mabasi yetu na posho zetu.

Basi siku utakapofika Kasulu au Kibondo, uingie hoteli, unawe mikono, uusome ubao mpaka mwisho. Kisha mwulize mhudumu kwa upole: na huko nyuma leo mnakula nini? Akikuletea, ule. Na ukimaliza, hata akikwambia hauna bei, lipa kama ulivyolipia pilau.

Hadi wiki ijayo, msikilizaji, nakutakia mlo mwema.